Ichizo Kobayashi, Mjapani aliyejenga reli mahali pasipo na abiria

Tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 1910, treni za umeme zilianza kutembea kati ya Umeda, katika mji wa Osaka, na Takarazuka, kijiji kidogo chenye maji ya moto kilicho chini ya milima. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa karibu kilometa 25. Tawi lake la kilometa 4 lilielekea Minoo, mahali palipojulikana kwa maporomoko ya maji na miti inayogeuka rangi nyekundu kabla ya baridi. Kati ya Osaka na vituo hivyo vya mwisho kulikuwa na mashamba ya mpunga, vijiji vichache na vilima. Wafanyabiashara wengi wa Osaka waliona kwamba reli ya namna hiyo haiwezi kuishi.

Aliyekuwa akiiongoza alikuwa na miaka 37. Hakuwa mhandisi, na hakuwa mtoto wa tajiri wa Osaka. Miaka mitatu tu mbele ya siku hiyo alikuwa ameacha kazi ya benki na kujikuta katika mji huo bila mshahara, akiwa na mke na watoto. Jina lake ni Ichizo Kobayashi. Leo, karibu kila mkaaji wa pembezoni mwa miji mikubwa ya Japani anaishi kwa mpango aliouanzisha mtu huyo, hata kama hajui.

Mtoto asiye na wazazi

Kobayashi alizaliwa tarehe 3 mwezi wa kwanza mwaka 1873 katika mji wa Nirasaki, jimbo la Yamanashi, magharibi mwa Tokyo. Hata jina lake lilitoka katika tarehe hiyo: Ichizo huandikwa kwa alama ya moja na alama ya tatu. Mama yake alifariki mwaka huohuo. Baba yake, aliyekuwa ameingia katika ukoo wa mke kwa njia ya ndoa, alirudi kwao. Mtoto alibaki mikononi mwa ndugu wa mama, familia ya wafanyabiashara yenye uwezo.

Mwaka 1888 alitumwa Tokyo kusoma katika shule ya Keio, iliyoanzishwa na Yukichi Fukuzawa, mwalimu aliyewafundisha vijana wa Japani kwamba biashara si kazi ya aibu. Lakini Kobayashi hakuwa na hamu ya biashara. Alipenda tamthilia, na alitaka kuwa mwandishi wa riwaya. Alipokuwa bado mwanafunzi aliandika hadithi iliyotoka kwa sehemu katika gazeti la jimbo lake. Alipomaliza masomo mwaka 1892, alitumaini kupata kazi katika gazeti. Haikuwezekana. Mwaka 1893 aliingia katika Benki ya Mitsui, na huko alifanya kazi miaka 14, katika Tokyo, Osaka na Nagoya.

Waliomjua wakati huo hawakumwona kama mtu wa kufika mbali. Alikuwa mfanyakazi wa benki wa kawaida, mwenye akili nzuri, lakini mawazo yake yalikuwa mara nyingi kwenye majumba ya michezo. Kitu kimoja alichokipata benki ni kuijua Osaka pamoja na watu wake wa pesa. Mmoja wao alikuwa Seishu Iwashita, aliyekuwa mkubwa wake na ambaye baadaye alianzisha Benki ya Kitahama.

Mwaka 1907 Iwashita alimwita kuja kuongoza kampuni mpya ya biashara ya hisa. Kobayashi aliacha Mitsui na kuhamia Osaka pamoja na familia. Alipofika tu, soko la hisa lilianguka. Japani ilikuwa imetoka katika vita na Urusi, bei za hisa zilikuwa zimepanda kupita kiasi, na sasa zote zilishuka kwa pamoja. Ile kampuni haikuzaliwa.

Hisa 54,000 bila mnunuzi

Alitafutiwa kazi ndogo katika kampuni ya reli ya Hankaku, kampuni iliyokuwa karibu kuchukuliwa na serikali. Wenye kampuni hiyo walikuwa na mradi mwingine: reli ya umeme kutoka Osaka hadi Minoo na Arima, mji wa kale wa maji ya moto. Kibali kilikuwepo, lakini pesa zilikosekana. Kati ya hisa 110,000 zilizotolewa, 54,000 hivi hazikupata mnunuzi, kwa sababu watu waliokuwa wameahidi kununua walikimbia baada ya soko kuanguka. Wengi katika kundi la waanzilishi walitaka mradi uvunjwe.

Kobayashi alifanya jambo lisilotegemewa kwa mtu wa benki. Alitembea kwa miguu kwenye njia iliyopangwa kwa reli, kutoka Ikeda hadi Osaka, zaidi ya mara moja. Aliona udongo mzuri, maji safi, hewa bila moshi, na bei ya ardhi iliyokuwa chini sana. Osaka wakati huo ilikuwa mji wa viwanda. Moshi ulifunika anga, nyumba zilibanana, na magonjwa yalienea kwa urahisi. Watu wengi wenye mshahara waliishi humo kwa kukosa mahali pengine.

Hapo ndipo hesabu yake ilipogeuka. Wengine walihesabu abiria waliopo na kuona kwamba hawatoshi. Yeye alihesabu abiria ambao wangekuwepo kama kampuni ingenunua mashamba kabla ya reli kufika, ikajenga nyumba, ikaziuza, kisha ikawabeba wenye nyumba hizo kila asubuhi kwenda kazini na kila jioni kurudi. Faida ya ardhi ingelisha reli wakati reli bado ni changa. Na kwa kuwa watu waliamini kwamba kampuni ile itakufa, ardhi ingepatikana kwa bei ndogo.

Aliwapelekea waanzilishi sharti lake. Wamwachie yeye kuongoza, na kama kampuni ikivunjwa, gharama zilizokwisha kutumika atazibeba mwenyewe. Mtu asiye na kazi, mwenye watoto, aliweka sahihi juu ya deni ambalo hakuwa na njia ya kulilipa. Iwashita na benki yake walisaidia kutafuta wa kuchukua hisa zilizobaki. Kampuni ya Reli ya Umeme ya Minoo-Arima iliundwa mwezi wa kumi mwaka 1907.

Nyumba kwa malipo ya kila mwezi

Mwaka 1908 Kobayashi alitoa kijitabu cha kueleza mradi: gharama za kujenga, mapato yanayotazamiwa, mpango wa ardhi. Kwa Japani ya wakati ule lilikuwa jambo geni. Makampuni hayakuwa na desturi ya kuwaeleza raia hesabu zao. Kijitabu kingine kilifuata, kikiwaelekea wakaaji wa Osaka wenyewe na kuwauliza wanataka kuishi wapi, chini ya moshi au karibu na mashamba. Maandishi hayo yalitoka katika kalamu ya Kobayashi mwenyewe. Yule kijana aliyekosa kazi ya gazeti sasa alikuwa akiandika ili kuuza viwanja.

Mwezi wa sita mwaka 1910, miezi mitatu baada ya treni ya kwanza, kampuni ilianza kuuza nyumba katika kartie mpya ya Muromachi, mjini Ikeda. Zilikuwa nyumba zipatazo 200, kila moja katika kiwanja cha meta mraba 330 hivi. Bei ilikuwa karibu yeni 2,500, pesa ambazo mfanyakazi wa ofisi hangeweza kuzitoa kwa mara moja. Kwa hiyo kampuni ilikubali malipo ya kwanza, na sehemu iliyobaki ilipwe kila mwezi kwa miaka kumi. Kuuza nyumba kwa watu wa mshahara kwa njia hiyo hakukuwa kumezoeleka Japani. Nyumba zilinunuliwa, na kartie nyingine zikafuata kando ya reli.

Inafaa kusema wazi kwamba mpango huo haukuwa kwa ajili ya maskini wa Osaka. Wafanyakazi wa viwanda walibaki chini ya moshi. Walionunua walikuwa makarani, walimu, wafanyakazi wa benki na maofisa wa makampuni, tabaka jipya lililokuwa likikua haraka. Kobayashi alilijua tabaka hilo vizuri, kwa sababu alikuwa ametoka ndani yake.

Bwawa la maji baridi

Lakini reli inayobeba watu wa ofisi ina tatizo moja. Asubuhi treni zinajaa kuelekea mjini na kurudi tupu. Jioni ni kinyume chake. Siku ya Jumapili hakuna anayesafiri. Kobayashi alitaka kitu cha kuwavuta watu kutoka mjini kwenda mwisho wa reli. Minoo alijenga bustani ya wanyama, ambayo ilifungwa mwaka 1916. Takarazuka alijenga nyumba ya kuogea maji ya moto, iliyofunguliwa mwaka 1911, na mwaka uliofuata akaongeza bwawa la kuogelea la ndani.

Bwawa lilishindwa. Jua halikufika ndani ya jengo, hivyo maji yalikuwa baridi sana, na watu hawakukaa ndani yake. Tena, amri za wakati huo hazikuruhusu wanaume na wanawake kuogelea pamoja. Kobayashi aliagiza bwawa lifunikwe kwa mbao. Juu ya mbao viliwekwa viti, na vyumba vya kubadilishia nguo vikageuzwa kuwa jukwaa.

Mwaka 1913 alikusanya wasichana 16 wafundishwe kuimba. Wazo lilitoka kwa duka la Mitsukoshi, lililokuwa na kundi la wavulana wapiga muziki lililopendwa sana. Tarehe 1 mwezi wa nne mwaka 1914 kundi la Takarazuka lilionyesha mchezo wake wa kwanza juu ya lile bwawa lililofunikwa. Wageni wa nyumba ya kuogea hawakulipa kitu cha zaidi ili kuutazama.

Kilichoanza kama njia ya kujaza treni za Jumapili kilikua kupita reli yenyewe. Mwaka 1918 kundi lilicheza Tokyo. Mwaka 1919 shule rasmi ya muziki ilifunguliwa. Mwaka 1924, baada ya moto kuunguza majengo ya zamani, jumba kubwa lilijengwa kwa ajili ya watazamaji 4,000. Wachezaji wote ni wanawake ambao hawajaolewa, na ndio wanaocheza hata nafasi za wanaume. Anayeolewa huondoka. Kobayashi alisimamia maadili yao kwa ukali kama baba, na sheria hizo zimekosolewa na wengi, lakini kundi hilo liko hai hadi leo.

Njia ya kwenda Kobe

Mwaka 1914 Benki ya Kitahama ilianguka, na Iwashita akaanguka pamoja nayo. Benki hiyo ndiyo iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya hisa za reli ya Minoo-Arima. Kobayashi alikuwa na chaguo mbili: kuacha hisa ziende kwa watu asiowajua, au kuzichukua. Alikopa pesa, akanunua alichoweza, na kuwaomba marafiki wanunue zilizobaki. Kwa njia hiyo mfanyakazi wa kuajiriwa akawa mmoja wa wenye kampuni, akiwa amebeba madeni mazito.

Lengo lake sasa lilikuwa Kobe, mji wa bandari. Kati ya Osaka na Kobe tayari kulikuwa na reli ya serikali tangu mwaka 1874, na reli ya umeme ya kampuni ya Hanshin tangu mwaka 1905. Hanshin ilipita karibu na bahari, ikisimama katika kila kijiji. Kobayashi alichagua upande wa milima ya Rokko, ambako wakaaji walikuwa wachache. Sababu ilikuwa ileile: ardhi ya bei ndogo, na njia iliyonyooka ambayo treni ingeweza kwenda mbio. Baada ya mvutano mrefu na Hanshin juu ya vibali, njia hiyo ilifunguliwa tarehe 16 mwezi wa saba mwaka 1920. Kampuni ilikuwa imekwisha kubadili jina mwaka 1918, na kwa ufupi watu waliiita Hankyu.

Katika tangazo la gazeti, Kobayashi aliwaambia wasomaji kwamba treni zake mpya ni nzuri, zina mbio, na hazina watu ndani. Udhaifu wa kampuni aliugeuza kuwa sifa. Mwanzoni safari ilichukua dakika 50. Kufikia mwaka 1934 ilikuwa imeshuka hadi dakika 25.

Mwaka 1929 shule ya Kwansei Gakuin ilihama kutoka Kobe kwenda Nishinomiya, kandokando ya reli, kwa mpango uliofanywa pamoja na Hankyu. Wanafunzi walisafiri asubuhi kuelekea upande ambao treni zilikuwa tupu. Shida ya viti vitupu, aliyoijua tangu mwaka 1910, ilipata dawa nyingine.

Wali mtupu wa sen 5

Umeda, mwanzo wa reli zake zote, palipita maelfu ya watu kila siku. Mwaka 1920 Kobayashi alikodisha sehemu ya chini ya jengo la kampuni kwa duka la Shirokiya, na juu yake akafungua mgahawa. Kwa miaka kadhaa alitazama nini kinanunuliwa na nani. Mwaka 1925 alifungua soko lake mwenyewe, na mwaka 1929 duka kubwa la Hankyu, la kwanza nchini kuendeshwa na kampuni ya reli ndani ya kituo chake. Maduka mengine ya Osaka yalitumia pesa kuwaleta wateja kutoka vituo vya treni. Yeye alikuwa na wateja mlangoni.

Mwaka huohuo mgogoro wa uchumi wa dunia ulianza. Vijana wa ofisi na wanafunzi walianza kuja katika mgahawa wa Hankyu na kuagiza sahani ya wali mtupu, kwa sen 5, kisha kuumwagia mchuzi uliokuwa bure mezani. Wafanyakazi walikasirika na kutaka kuwazuia. Kobayashi alikataa. Aliamuru liwekwe tangazo la kuwakaribisha wanaokula wali mtupu, na waongezewe mboga zilizotiwa chumvi bila malipo. Hesabu yake ilikuwa ya mbali: vijana hao siku moja wataoa, watazaa, na watakumbuka mahali walipoheshimiwa walipokuwa hawana kitu.

Mfano wafika Tokyo

Huko Tokyo, kampuni iliyoanzishwa na mzee Eiichi Shibusawa ilikuwa imenunua ardhi ya kujenga makao ya pembezoni, lakini haikuwa na mtu wa kuendesha reli. Kobayashi aliombwa ushauri. Alikubali, na akapendekeza kazi hiyo apewe Keita Goto, ofisa wa zamani wa wizara ya reli. Mwaka 1923 tetemeko la ardhi liliharibu sehemu kubwa ya Tokyo, na wakaaji wengi walihamia pembezoni. Reli za Goto, zilizokuja kuitwa Tokyu, zilikua kwa mfano wa Osaka: nyumba, shule, na duka kubwa katika kituo cha Shibuya. Kampuni nyingine za reli nchini zilifuata.

Kobayashi mwenyewe alizidi kupanuka. Aliitwa kusaidia kampuni ya umeme ya Tokyo iliyokuwa na madeni makubwa, na mwaka 1933 akawa rais wake. Mwaka 1934 alifungua jumba la michezo la Takarazuka katikati ya Tokyo. Kutoka hapo ilizaliwa kampuni ya sinema ya Toho. Mwaka 1936 aliunda timu ya baseball ya Hankyu, na mwaka uliofuata uwanja wake ukafunguliwa Nishinomiya, karibu na reli.

Waziri aliyeshindwa

Mwezi wa saba mwaka 1940, Waziri Mkuu Fumimaro Konoe alimchukua kuwa waziri wa biashara na viwanda. Japani ilikuwa vitani China, na maofisa wa serikali walitaka kuongoza uchumi wote kwa amri. Kobayashi, aliyejenga kila kitu bila serikali, aliuona mpango huo kama ukomunisti. Aligombana waziwazi na naibu wake, Nobusuke Kishi, hadi Kishi akaondoka mwezi wa kwanza mwaka 1941. Miezi mitatu baadaye Kobayashi naye aliondoka.

Katika kipindi hicho hicho alitumwa Batavia, katika koloni la Uholanzi, kutafuta mafuta ya petroli. Alirudi bila kupata kiasi ambacho serikali yake ilitaka. Mtu aliyejulikana kwa amani ya bustani na nyimbo aliitumikia serikali iliyokuwa ikielekea vita kubwa zaidi, na jambo hilo lilimfuata.

Mwaka 1944 jumba kubwa la Takarazuka lilifungwa na kutumiwa na jeshi la majini. Mwaka 1945 ndege za Marekani ziliunguza Osaka na Kobe. Vita vilipokwisha, Kobayashi aliitwa kuongoza ofisi ya kujenga upya miji, lakini mwaka 1946 Wamarekani waliwazuia watu waliokuwa katika serikali za vita kushika kazi za umma. Jina lake lilikuwa kwenye orodha. Jumba lake la Tokyo lilichukuliwa na jeshi la Marekani na halikurudishwa hadi mwaka 1955.

Alifunguliwa mwaka 1951, akiwa na miaka 78, na akarudi kuongoza Toho. Mwaka 1954 kampuni hiyo ilitoa Godzilla na Seven Samurai, sinema mbili zilizotembea dunia nzima. Mwisho wa mwaka 1956 alifungua majumba mengine mawili ya michezo, moja Osaka na moja Tokyo.

Kobayashi alifariki nyumbani kwake Ikeda tarehe 25 mwezi wa kwanza mwaka 1957, akiwa na miaka 84. Mwezi mmoja baadaye Kishi, yule aliyemfukuza wizarani, akawa waziri mkuu wa Japani. Nyumba ya Kobayashi iligeuzwa mwaka huo kuwa makumbusho ya vyombo vya chai na picha alivyokuwa amekusanya.

Treni za Hankyu, zenye rangi ya kahawia iliyoiva, bado zinatoka Umeda kwenda Takarazuka. Sifa ya zile treni zisizo na watu ndani haiwezi kutumiwa tena saa za kwenda kazini. Mwaka 2006 Hankyu na Hanshin, maadui wa zamani, waliwekwa chini ya kampuni moja. Na reli iliyozaliwa ikibeba jina la Arima haikufika Arima kamwe. Iliishia Takarazuka, mahali penye lile bwawa la maji baridi.